Ngata Nyekundu

Mezani kwangu kuna wapagazi 12. Kila mmoja ana urefu wa milimita 28, kutoka unyayoni hadi usawa wa macho, na ni wa madini, ukimlaza kiganjani unausikia uzito wake. Wote nimewapaka kijivu: ngozi kijivu, kaptula kijivu, masanduku ya risasi kijivu, hata vumbi wanalolikanyaga ni kijivu. Mmoja tu, wa tatu kutoka mbele, ana kitu chekundu kati ya utosi wake na sanduku alilojitwika. Hakizidi punje ya mchele. Kimenichukua miezi minne.

Naishi Nottingham, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Nyumbani wengi wanaujua mji huu kwa mpira tu. Kwa wapakaji wa sanamu ndogo za michezo ya vita ya mezani, hapa ndipo penyewe: Games Workshop, kampuni kubwa kuliko zote katika shughuli hii, ina makao yake mtaa wa Lenton, na mjini na kando yake zimejaa karakana ndogo zinazomimina sanamu za madini. Mimi nafanya kazi za usiku ghalani. Nikiamka mchana nyumba iko kimya na wenzangu wote wako kazini. Mtu wa ghalani akanipa kopo tatu za rangi na brashi moja, nikaanza. Nilipaka wanajeshi wa kubuni wa vita vya anga, wenye mavazi ya chuma na rangi za kung'aa, kama 40 hivi. Mkono ulizoea, lakini sikuwa na la kusema nao.

Halafu siku moja, kwenye meza ya vitu vya mitumba ya klabu yetu ya wapakaji, nikakuta kifuko cha plastiki. Ndani yake askari wawili wenye tarbushi na bunduki, na wapagazi 12 wenye mizigo vichwani. Vita vya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Nilisimama pale nimekishika muda mrefu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba baba yake alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani, akabebeshwa mzigo, hakurudi. Basi, simulizi yote ni hiyo. Hakuna kaburi, hakuna picha. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma shuleni jinsi Waingereza na majeshi yao ya Kihindi walivyoshuka Tanga Novemba 1914 wakashindwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na makaburi ya vita hivyo nimeyapita mara nyingi. Habari za wapagazi hazikufundishwa kwa urefu huo. Na vita vile visingekwenda popote bila wao. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na punda, magari hayakuwa na njia, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilikwenda kwa kichwa cha mtu, kilo 20 na zaidi, siku baada ya siku, kwenye mvua na homa. Waingereza peke yao walikusanya mamia ya maelfu ya watu kwa kazi hiyo, na waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria walikuwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, jina la Kiingereza lililogeuzwa na vinywa vyetu. Tunalitaja kila siku tukienda kununua nguo.

Nilinunua kile kifuko.

Uamuzi wa kuwapaka kijivu haukuwa wa urembo. Nilikaa na picha zote nilizoweza kuzipata za wapagazi wa vita vile na zote ni nyeusi na nyeupe. Sikujua blanketi la yule lilikuwa rangi gani, wala shuka la huyu. Kila rangi ambayo ningeiweka ingekuwa ni ya kubahatisha, na watu hawa wamekwisha kusemewa vya kutosha. Nikasema nitawaacha kama tulivyoachiwa. Pia kulikuwa na mjomba wangu. Mjomba alikuwa na studio ya picha Ngamiani, nami nikitoka chuoni jioni napitia kwake. Picha zilikuwa nyeusi-nyeupe, lakini mteja akitaka, hasa bi harusi, mjomba aliketi na njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, akachovya kwenye rangi ya maji na kugusa midomo, au ua la kwenye nywele, basi. Hakupaka nguo nzima. Nilimuuliza kwa nini haendelei. Akasema, "Mwanangu, ukipaka kote, mtu hatamwona bi harusi. Ataona rangi."

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kuwa patakuwa na tone moja la rangi. Sikujua pa kuliweka, na kabla ya hapo sikujua hata kupaka kijivu.

Mtu ambaye hajajaribu hudhani kijivu ni rahisi kwa kuwa umepunguziwa kazi ya kuchagua rangi. Ni kinyume chake. Unapopaka kwa rangi, kaptula ya kaki na shati jeupe zinatengana zenyewe hata kama kivuli umekikosea. Kwenye kijivu hakuna anayekusaidia. Kitu kitatengana na jirani yake kwa mwanga na giza tu, na usipopanga mapema sanamu nzima inakuwa bonge moja la simenti. Wapagazi wangu wawili wa kwanza walitoka hivyo hasa. Mkono, sanduku na bega vilishikana, usingejua kipi kinaanzia wapi.

Njia ya kawaida ni kuanza na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, nyeusi mwili mzima, kisha kupuliza kijivu kutoka juu kwa mshazari, na mwisho nyeupe kidogo kutoka utosini moja kwa moja. Sanamu yenyewe inakuonyesha jua linapogonga na linapokosa. Nilifanya hivyo, na nyuso zote zikapotea. Niliwashika mmoja mmoja chini ya taa nisielewe, mpaka nilipokumbuka nyumbani. Jua la saa saba mchana liko utosini, na mtu aliyejitwika sanduku, uso wake uko ndani ya kivuli cha sanduku. Praima ilisema kweli. Ila mimi nilitaka nyuso zao zionekane. Nikawaosha wote, nikaanza upya, safari hii nikipuliza kutoka mbele, upande wa kushoto, chini kidogo: jua la saa tatu asubuhi. Safu nzima ikawa inatembea kuelekea mashariki. Macho yakafunguka, mashavu yakaonekana, na vivuli vya masanduku vikaangukia migongo.

Kijivu chenyewe nikakichanganya cha aina tano, kila kimoja kwenye kichupa chake cha tone, namba 1 giza kabisa hadi namba 5 karibu na nyeupe. Ukichanganya nyeusi na nyeupe peke yake unapata kijivu chenye ubuluu, kama bati jipya. Si kibaya kwa mapanga na bunduki, lakini ngozi inakuwa ya maiti. Niliongeza tone la rangi ya kahawia ya udongo kwenye kila kichupa isipokuwa kimoja. Mtu akiangalia haraka haoni tofauti, lakini watu wale wakapata damu.

Hapa kwenye ngozi ndipo nilipojifunza jambo lililonigusa kuliko yote. Nilikuwa nafuata zile picha za zamani, na kwenye picha nyuso za wapagazi ni nyeusi tii, hazina pua wala shavu, macho tu. Nami nikawapaka hivyo, namba 1 na namba 2. Nikawatazama na kuona watu wasio na sura. Baadaye nikaelewa sababu. Mabamba ya picha ya zama zile hayakuuona wekundu sawasawa, yaliona zaidi buluu. Ndiyo maana mbingu katika picha hizo ni nyeupe tupu, na kitu chochote chenye wekundu au uhudhurungi kinatoka cheusi kuliko kilivyo. Ngozi zetu zina joto la wekundu ndani yake. Kile chombo kiliwaficha watu wale, na mimi nilikuwa nakwenda kurudia maficho yale kwa mkono wangu.

Basi nikaacha picha, nikaenda kwenye kioo. Nilikaa dirishani na taa upande wa kushoto, nikajitazama paji la uso. Ngozi nyeusi haipandi polepole kutoka giza kwenda mwanga kama ngozi ya mzungu. Inakaa gizani, halafu inaruka: paji linang'aa, juu ya shavu panang'aa, ncha ya pua, mfupa wa bega, yote kwa ghafla, na mtu mwenye jasho zaidi. Kwa hiyo nikaweka namba 2 mwili mzima, mapindo nikayazamisha kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa maji mengi, kisha nikaruka moja kwa moja hadi namba 4, na tone la namba 5 kwenye paji, dogo, kwa ncha ya brashi. Kaptula za kaki hazirukwi hivyo. Zile nilizipandisha taratibu, namba 3 hadi 4, kwa kuwa kitambaa kinakunywa mwanga. Tofauti hiyo ya kuruka na kupanda ndiyo inayomwambia mtazamaji hii ni ngozi na hii ni nguo, ingawa zote ni kijivu.

(Kuhusu brashi niseme moja: msiende kununua ile nyembamba kama unywele mkidhani ndiyo ya kazi ndogo. Inakauka kabla haijafika kwenye sanamu. Brashi namba 1 yenye ncha nzuri inashika rangi na inachora jicho.)

Nilipomaliza kijivu, nikaweka wekundu wangu wa kwanza. Niliuweka kwenye tarbushi ya askari aliyetangulia. Nilizijua tarbushi nyekundu kutoka habari za gwaride, ilikuwa rahisi kupaka, na ilipendeza sana. Nikaibeba safu nzima hadi klabuni, nikaipanga mezani kwenye ubao wenye majani makavu. Mzee mmoja, mpakaji wa miaka mingi ambaye mkono wake nauheshimu, akainama akatazama kwa muda. Akasema, "Askari wako ametoka vizuri sana." Akanyoosha mgongo, akaenda meza nyingine.

Hakusema neno kuhusu wapagazi. Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemwelekeza macho.

Usiku ule ghalani nilikuwa nawaza sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Nimeipita mara ngapi sijui. Askari wa shaba, peke yake, bunduki mbele, anaelekea bandarini. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini wako kwenye maandishi, hawako juu. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, wamesimama watatu na mmoja wao ni mpagazi, lakini mimi ni mtoto wa upande huu, na ninayemjua ni yule mmoja. Nami nimefanya vilevile, mezani kwangu, kwa brashi yangu, juu ya baba mzaa bibi yangu.

Asubuhi nilipofika nyumbani sikulala. Niliifunika tarbushi kwa kijivu namba 2.

Kisha nikatafuta pa kuweka rangi kwa mpagazi, na ilinichukua wiki. Blanketi lingekuwa kubwa mno, tone lingegeuka kuwa bango. Sanduku ni mali ya jeshi, sikutaka kulitukuza. Nikaona kwamba aliyezichonga sanamu hizi aliweka masanduku juu ya vichwa vitupu, bila kitu katikati. Hakuna mtu anayebeba hivyo. Mwanamke wa Tanga habebi hata ndoo ya maji bila ngata. Nikachukua pati ya epoksi, ile ya kufinyanga kama udongo ambayo baadaye huganda, nikaviringisha uzi mwembamba, nikauzungusha kati ya utosi na sanduku kwa ncha ya sindano, nikauchora mikunjo. Nikawafanyia wote 12. Na ya mmoja nikaamua ni kipande cha kanga, kilichochanwa nyumbani siku aliyochukuliwa. Hiyo ni ya kubahatisha, najua. Ni bahatisho langu moja, na nimelipaka jekundu ili lionekane kuwa ni langu.

Wekundu ulinisumbua kuliko kijivu. Rangi nyekundu nyingi hazifuniki. Juu ya kijivu ilitoka kama matofali ya zamani. Nikatanguliza nyeupe chini, ikawaka vizuri mno, ikawa bapa, kama rangi ya kucha iliyodondokea pale kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesahau kuwa ngata nayo iko chini ya jua lilelile la saa tatu. Wekundu lazima nao uwe na kivuli chake na mwanga wake, la sivyo hauko katika dunia ya sanamu, uko juu yake. Chini nikaingiza hudhurungi nyekundu. Juu nikataka kuangaza kwa kuongeza nyeupe, ikawa waridi, nikaifuta. Nikaongeza rangi ya chungwa badala yake, mstari mmoja tu kwenye kila pindo la upande wa kushoto. Halafu nikapiga picha kwa simu, nikaigeuza iwe nyeusi-nyeupe. Ngata ikajificha kabisa ndani ya kijivu cha jirani zake, ila mikunjo yake ikabaki inasomeka. Hapo nikajua imekaa.

Kukazuka jambo nisilolitegemea. Kijivu cha paji la yule mpagazi, chini kidogo ya ngata, kilianza kuonekana na ukijani. Nilidhani taa, nikabadilisha taa. Nilidhani rangi imechafuka. Kumbe ni jicho. Mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia rangi za nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alieleza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1839. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta hazina kasoro, zinafifishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Wekundu huisukuma jirani yake kuelekea kijani machoni petu. Dawa yake ilikuwa ndogo: tone la kahawia nyekundu ndani ya kijivu cha uso wa yule mmoja tu. Ukimtoa kwenye safu ana joto kidogo kuliko wenzake. Ukimrudisha, wanafanana.

Mwishoni nikakaribia kuwapoteza wote. Ilikuwa Novemba, nikatoka uani kupuliza vanishi isiyong'aa, na hewa ilikuwa ya maji, ule ubaridi wa Uingereza unaoingia kwenye mifupa. Baada ya dakika chache vanishi ikaganda nyeupe, kama chumvi kwenye mwili wa mtu aliyetoka baharini, juu ya wapagazi wanane. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikashindwa kuinuka. Kilichoniokoa ni vanishi ya kung'aa, ya kupaka kwa brashi, niliyoipitisha taratibu juu ya kila mmoja. Utando mweupe ukayeyuka na kijivu kikarudi chini yake. Nikasubiri siku kavu ndipo nikauzima mng'ao, ndani, dirisha likiwa wazi, maji ya moto yakiwa yamewekwa mbali ili mvuke usiwafikie. Kwa rangi za kupuliza siku hizi naangalia unyevu wa hewa kwanza, kabla hata sijafungua sanduku.

Jumapili nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula, nikageuza simu kuelekea mezani. Sikumweleza chochote. Nilisogeza taratibu kuanzia askari waliotangulia hadi wa mwisho nyuma. Akanyamaza. Nikasikia kuku wa jirani yake.

"Rudi nyuma," akasema. "Huyo mwenye ngata."

Nikamrudisha.

"Msogeze. Sogeza zaidi." Uso wake ulijaa kioo chote cha simu, miwani imepanda juu ya paji. "Ndiye yeye?"

"Sijui sura yake mama. Ni mmoja wao tu."

"Basi ndiye." Akatazama tena kwa muda, midomo ikitikisika kama anayesoma. "Ila hiyo ngata umemfunga vibaya. Umemfunga kama kilemba. Hapo akishuka kilima itafunguka, mzigo utamwangukia."

Akaegemeza simu yake kwenye kitu, akavuta kanga begani, akaikunja kwa urefu. Mikono yake ikaanza kuisokota, kulia kwenda kushoto, mpaka ikawa kamba. "Unasokota kwanza. Umeona? Ndipo unazungusha. Mara mbili. Na ncha hii unaichomeka kwa ndani, chini, si kwa juu." Akaiweka kichwani, akaondoa mikono yote miwili, akatikisa kichwa huku na huku. Haikusogea.

Nikamwomba arudie polepole. Nikachukua sindano na kipande kipya cha pati.